Mwalimu Zenon na Mashine ya Msasa

Mwalimu Zenon alistaafu akiwa na afya njema, jozi mbili za miwani, na imani kubwa kwamba alizaliwa seremala, ni serikali tu iliyomchelewesha. Tangu aweke chaki chini, nyumba yao pale Sumbawanga ikaanza kujaa mali. Kulikuwa na kabati la vyombo linalofunguka likipenda, stuli inayotaka kuegemezwa ukutani, na benchi refu la sebuleni la mbao za mkaratusi. Mkewe, Josefina, aliyapokea yote bila neno. Ukiishi na mtu miaka ishirini na sita unajua lipi la kugombea na lipi la kuliacha lipite.

Benchi ndilo lililoleta balaa. Zamu ya jumuiya ya kanisani kusali kwao ilipofika, Mama Rozina, mwenyekiti, mwanamke mwenye mwili wa heshima na sauti ya kufika kigango cha pili, aliketi katikati ya benchi amevaa kitenge kipya cha sare ya akina mama. Waliposimama kwa Baba Yetu, yeye alisimama, kitenge kikabaki. Kraa! Kibanzi kilikuwa kimekidaka kwa nyuma. Jumuiya nzima ikaendelea kusali, macho yamefumbwa kwa bidii ambayo haijapata kuonekana.

Watu wa Ufipa tuna adabu zetu. Lakini adabu hizo nazo zina meno, nikwambie. Miezi ikapita, zamu ikazunguka nyumba hadi nyumba, na ilipobaki wiki mbili irudi kwa Mwalimu, ujumbe ukaingia kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya: “Tukumbushane, kwa Mwalimu kila mtu aje na mkeka wake.” Katekista akaweka kikatuni cha kucheka, kisha akakifuta, lakini Zenon alikuwa ameshakiona.

Sasa hebu niambie wewe. Mgeni akija kwako na cha kukalia, si bora aje na ugali wake pia?

“Baba Calvin,” Josefina alisema akiweka simu chini polepole, “tukaazime viti vya plastiki.”

“Viti vya plastiki! Kwangu mimi? Mama Calvin, kwani na wewe benchi linakuchoma?”

“Unadhani kwa nini nakaaga jikoni?”

Josefina alicheka. Zenon hakucheka. Ilimuuma kweli, maana siku zote alidhani mkewe anapenda moto.

Akaanza kupiga msasa kwa mkono. Siku mbili alisugua, viganja vikawaka, bega likagoma, na kazi yote hiyo ikalainisha sehemu ya kukaa mtu mmoja mwembamba. Jumuiya yao haina watu wembamba. Siku ya tatu akajifunga koti, maana ule upepo wa mwezi wa sita unajua kupenya, akashuka sokoni kwa Cornelia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Cornelia huyo alikuwa mwanafunzi wake, alimfundisha hesabu darasa la tano.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Nataka mashine ya kupiga msasa. Nzuri, ila isinimalize.”

Cornelia akampangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya mkanda, kubwa, yenye mkanda wa msasa unaozunguka kama wa mashine ya kusaga. Ya pili ilikuwa ya duara, nzuri kwa macho. Ya tatu ilikuwa ndogo ya mraba, ya kushika kwa kiganja kimoja, nayo bei yake ndiyo ilikuwa chini kuliko zote.

“Mwalimu, kazi yenyewe ni ya kila siku au ya mara moja moja?”

“Mara moja moja. Hapo nyumbani tu.”

“Basi usiulize mashine, uliza inakula nini. Hii ya duara ni nzuri sana, ila karatasi zake za kunata hapa mjini hazipatikani kila siku, mpaka uagize Mbeya. Ya mkanda ni ya watu wa milango, ina fujo. Hii ndogo inakula msasa huu huu wa kawaida, unaukata vipande vinne, unaubana hapa na hapa, basi.”

Maneno ya akili kabisa. Na mwalimu aliyasikia yote. Lakini Zenon alikulia kwenye magunia ya mahindi, na mtu aliyekulia kwenye magunia haamini kitu mpaka akinyanyue. Akainyanyua ile ndogo, akaguna. Akainyanyua ya duara, akaguna tena. Akainyanyua ya mkanda, mkono ukashuka, na uso wake ukafunguka.

“Hii ndiyo imejaa,” alisema.

“Mwalimu, si debe la mahindi hilo.”

“Cornelia, nani alimfundisha mwenzake kupima uzito?”

Ukishaulizwa hivyo na mwalimu wako, unajibu nini? Cornelia akamfungia.

Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya zamu, Zenon alilitoa benchi uani, akavuta waya, akavaa miwani ya kwanza, akaweka na ya pili juu yake kwa ajili ya vumbi. Akaiweka mashine juu ya mbao, akabonyeza. Mama yangu! Mashine ilichomoka kama mbuzi aliyeona shamba la mtu. Mwalimu akaning'inia nyuma yake akipiga kelele “Simama! Simama wewe!” kama alivyozoea kuwaambia watoto, na yenyewe haikuwahi kusoma kwake. Ilipofika mwisho wa benchi aliivuta nyuma mpaka katikati, akaikandamiza kwa nguvu zote ili itulie, nayo ikatulia pale pale ikichimba.

Vumbi lilipotua, katikati ya benchi palikuwa na shimo la kunywesha kuku.

Josefina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. “Baba Calvin, hilo ni benchi au ni Bonde la Rukwa?”

Zenon akaketi chini kwenye unga wa mbao. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma Mama Rozina, kisha akajionea na yeye. “Azima viti,” alisema kwa sauti ndogo. “Mimi sijui kitu.”

Hapo Josefina ndipo alipokataa. Angeweza kummaliza kabisa, neno lilikuwa mdomoni, lakini alimwangalia yule mzee mwenye miwani miwili usoni na nyusi nyeupe kwa vumbi, moyo ukamlainika. “Mbao ina pande mbili,” alisema. “Igeuze. Na hilo jini lirudishe kwa mwanafunzi wako.”

Cornelia hakumcheka, au alicheka kabla hajafika. Alimtafutia fundi wa milango aliyeichukua ile nzito kwa furaha, naye mwalimu akaondoka na ile ndogo ya mraba pamoja na karatasi za msasa: namba themanini ya kuanzia, mia na ishirini ya kati, na mia mbili na arobaini ya kumalizia. “Na usiikandamize, mwalimu. Iache ifanye kazi, wewe iongoze tu.”

Zenon aling'oa misumari, akageuza mbao, akaanza upya. Mashine ilinguruma kwa upole, ikitetemeka kiganjani. Siku nne alifanya, kidogo kidogo, akibadilisha karatasi, akipuliza vumbi, akipapasa kwa kiganja. Haikuwa kazi ya haraka. Kila jioni Josefina naye alipita, akapapasa, akarudi jikoni.

Jumamosi ya zamu walikuja, kila mmoja na mkeka kwapani. Benchi lilikuwa katikati ya sebule, limepakwa mafuta kidogo tu, linang'aa. Hakuna aliyeketi. Mama Rozina akasogea, akapitisha kiganja kwenda, akakirudisha kuja, akakigeuza akakikagua. Kisha akaketi, mzima mzima, na wengine wakabana kushoto na kulia kwake mpaka pakajaa.

Mwalimu hakusali siku hiyo, Mungu amsamehe. Rozari nzima alikuwa akitazama benchi. Walipofika Baba Yetu, Mama Rozina alisimama, na kitenge kikasimama naye.

Mwishoni yakaja matangazo. “Mabenchi ya kanisa letu la kigango yako kumi na manane,” Mama Rozina alisema, “na yote yanachana watu. Tunatafuta fundi wa kuyalainisha. Mwenye kumjua fundi mzuri aseme.”

Watu wakatazamana. Zenon akainamisha kichwa, asionekane anangoja.

“Mnamtafuta wapi?” Josefina aliuliza kwa sauti ambayo hata Mama Rozina aliigeukia. “Fundi si huyu hapa, mume wangu?”

Miaka ishirini na sita, hakuwahi kumwita fundi. Mwalimu alifurahi mpaka jumuiya nzima ilipoitikia amina ya kufunga sala, yeye ikampita bila kuisikia.