Mpaka Unaopita Majini

Ramani pekee ya shule yetu ya Bukiriro ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa mashariki. Kuanzia mpaka wa Kenya hadi mdomo wa Ruvuma, pwani yote ilikuwa tundu, na mimi, mwalimu wa jiografia wa darasa la sita, nililazimika kuichora ubaoni kwa chaki. Bahari sikuwa nimewahi kuiona. Maji makubwa niliyoyajua ni ya ziwa, tena niliyaona mara moja tu, nilipomtembelea shangazi yangu aliyeolewa Biharamulo.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vilima tulivyochungia mbuzi vilikuwa vimegeuka miji ya maturubai, na neno mpaka lilikuwa midomoni mwa kila mtu: nani kavuka, nani karudishwa, nani kaishia mtoni. Kwa hiyo sikushangaa siku ile, nilipomaliza kuchora Unguja, Pemba na Mafia, msichana mmoja wa dawati la mbele aliponiuliza mpaka wa baharini uko wapi, maana kule hakuna mto wala jiwe la alama. Nilipaswa kusema sijui. Badala yake nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua kwamba baharini hakuna mpaka, maji ni ya wote. Watoto wakaandika.

Nje ya dirisha palikuwa na mkimbizi mmoja wa makamo aliyekuwa akitengeneza madawati. Mwalimu mkuu alimpa kazi hiyo, na sisi walimu tulimpa ndizi na maharage ya kupeleka kwa wanawe. Aliiweka randa chini, akasogea dirishani.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Hata bahari ina mpaka."

Nikamwambia aendelee na mbao zake. Sikupaza sauti, lakini darasa zima lilisikia. Aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kazi yake, nami nikaendelea kuchora huku masikio yakiniwaka.

Mapumziko yalipofika nilimpelekea kikombe cha uji, nikamwomba radhi. Akaniambia kwamba kwao, ng'ambo ya mto, alikuwa amefundisha jiografia sekondari mpaka siku walipokimbia. Kisha akachukua kipande cha mkaa na kunichorea juu ya ubao wa mbao aliokuwa ameulainisha. Kila nchi ya pwani, alisema, ina maili zake kumi na mbili za bahari, zinazohesabiwa kuanzia pale maji yanapokupwa kabisa. Pemba iko karibu sana na nchi kavu ya jirani zetu wa Kenya, maili hizo hazitoshi kwa wote wawili, hivyo mstari umepitishwa katikati ya mkondo. Nikamuuliza mvuvi anautambuaje mstari juu ya maji. Akasema wengi hawautambui, ni watu wamekaa mezani wakakubaliana.

Jambo moja lilinisumbua. Sikuelewa maji yanakupwaje. Jumamosi nikaenda Ngara mjini kwa bibi mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye ukoo wake ulitoka Pangani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisikiliza hadi mwisho, ndipo akacheka taratibu. Alizaliwa hapa hapa Ngara, alisema, na bahari anaijua kwa masimulizi ya mama yake tu. Hata hivyo alitandaza khanga juu ya meza ya duka, akaivuta kuelekea kwake polepole ili nione mbao zikibaki wazi, akairudisha tena. Hivyo mara mbili kila siku, akasema. Maji yakiondoka, wanawake hutembea juu ya mchanga kutafuta pweza, na yakirudi wawe wamekwisha kutoka.

Jumatatu niliwaambia wanafunzi wafute sentensi yangu. Niliwaambia nilikuwa nimekosea, na kwamba fundi wa madawati alikuwa sahihi. Hakuna aliyecheka. Nikatoka nikamwomba aingie afundishe. Alijipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akanikazia macho kama anayetaka kuhakikisha simtanii, kisha akaichukua chaki. Mwanzoni alisema kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye mkondo wa Pemba sauti ilikuwa imepanda hadi darasa la tano waliisikia. Bahari aliitamka "bahali", kama nusu ya wanafunzi wangu, nami sikumsahihisha. Nilikaa nyuma na daftari, nikaandika pamoja na watoto.

Alifundisha mara hiyo moja tu. Mwalimu mkuu aliogopa habari zisije zikawafikia wakubwa, kwa kuwa wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi. Muda si mrefu ikatolewa amri kwamba warudi kwao. Nilikwenda barabarani kwa baiskeli kumtafuta, siku mbili mfululizo. Watu walipita wakiwa wamejaza barabara yote, magodoro kichwani, sufuria, watoto mgongoni, na askari pembeni wakiwahimiza. Nilitazama kila mwanamume mwenye umri wake. Nilitaka kumwita, ndipo nikagundua kwamba sikuwahi kumuuliza jina; shuleni sote tulimwita fundi.

Siku ya pili, nikiwa bado sijamwona, mama mmoja alisimama akaniomba maji. Nilimpa chupa yangu. Alikunywa kidogo, akawapa watoto wake, akanirudishia, akaingia tena katika ule msururu uliokuwa ukielekea kwenye daraja la mpakani.