Vitanzi Alivyonikatalia Mama

Mama yangu amewafumia masweta nusu ya watoto wa shule wa upande wetu wa mlima, na mimi, binti yake wa pekee, nimefika miaka thelathini na tatu bila kujua kufunga hata kitanzi cha kwanza. Siyo kwamba sikutaka. Nilikatazwa.

Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu katikati ya migomba na kahawa, nilikuwa nikikaa karibu na miguu yake na kutazama uzi ukipanda kutoka kwenye kikapu kwenda kwenye vidole vyake. Nikigusa donge la uzi alinipiga kibao chepesi mgongoni mwa mkono. "Hizi zangu. Yako ni kalamu." Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Nilipokwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mwalimu alitaka kila msichana afume kofia. Niliandika barua nyumbani nikiomba Mama anielekeze, hata kwa maneno tu. Baada ya wiki mbili nililetewa kifurushi. Ndani kulikuwa na kofia imekwisha kufumwa, nyekundu, nzuri kuliko zote darasani. Nilipata alama za juu kwa kazi ambayo sikuigusa, na wenzangu walijua. Bweni zima lilicheka: mtoto wa fundi wa masweta, anashika sindano kama anashika nyoka. Niliivaa kofia ile siku moja, nikaitupa chooni. Mpaka leo sijamwambia Mama.

Mwezi wa sita uliopita Mama alishuka kutoka mlimani kuja kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho kote kuwili. Daktari alimpangia tarehe ya upasuaji, akaambiwa asubiri wiki tano, kwa hiyo akasubiri kwangu, Olasiti. Watoto walikuwa likizo. Baba yao alikuwa porini na wageni, maana kwa dereva wa watalii mwezi wa sita hauna Jumapili. Kulikuwa na baridi ile ya Arusha inayoingia mpaka ndani ya kabati la vyombo, na mlima haukuonekana wiki nzima.

Mama alikuja na mfuko wake wa kufumia. Sindano zake ni spoku za baiskeli ambazo marehemu baba alizikata na kuzinoa kwenye jiwe, na zimesuguliwa na mikono yake mpaka zinang'aa. Hakuwa akiona vizuri, ila vidole vyake vilikuwa vinaona. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alisimama mbele yake siku nzima kama mtu aliyeona moto kwa mara ya kwanza. Usiku aliniambia, "Mama, nataka kujua hicho kitu." Na mdogo wake wa kiume, miaka tisa, akasema naye anataka, kwa sababu hakuna anachotaka dada yake ambacho yeye hakitaki.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia kwamba nitaingia kupitia mlango wa wanangu. Sisi watatu tutajifunza pamoja, na Mama hataweza kuwakatalia wajukuu.

Kesho yake nilikwenda Ngarenaro kwa fundi baiskeli mmoja.

"Naomba spoku sita."

"Baiskeli yenyewe iko wapi, dada?"

"Sina baiskeli."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Mishikaki?"

"Ya kufumia."

"Basi nikunolee ncha. Ila usimwambie mtu nimekuuzia spoku za kuchomea watu." Akacheka peke yake huku akizisugua.

Njiani nilinunua mitumba, sweta kubwa la kijani lenye tundu kwenye kiwiko. Mchana kutwa mimi na wanangu tulilifumua. Mmoja anavuta, mmoja anakunja donge, mmoja anatafuta mahali uzi ulipokatika na kufunga fundo. Sweta lilipotea mkono kwa mkono, na sebuleni pakajaa vumbi la sufu. Mama alikuwa kwenye kochi anasikiliza. Mimi nilidhani ananyamaza kwa furaha.

Asubuhi, baada ya chai, niliweka vigoda vitatu barazani mbele ya kiti chake.

"Nani kakwambia mimi nina darasa?" akauliza.

"Tunataka utufundishe, Mama. Sisi watatu."

Akapapasa hewani mpaka akampata mjukuu wake wa kiume, akamvuta. "Mume wangu, wewe njoo. Kaa hapa."

"Na mimi, Bibi?" akauliza binti yangu.

"Mke mwenzangu, wewe kasome."

"Ni likizo."

"Basi soma ya likizo. Huyu nitamfundisha. Wewe, hapana. Na mama yako ana kazi yake ya kuandika, akaifanye."

Alisema vile vile. Sauti ile ile ya kuku na mahindi. Nilisimama na spoku zangu mkononi, mwanamke mzima, mwenye nyumba, mwenye vitabu viwili madukani, nikahisi mgongo wa mkono wangu unawasha pale pale nilipokuwa napigwa kibao. Na nilifanya nini? Nilisema, "Sawa, Mama." Kisha nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi, kwa kelele, nikivigonganisha ili asikie. Mtu asiseme kwamba hasira ya mtoto huisha akikua. Yangu ilikuwa imekaa mahali pake ikinisubiri.

Binti yangu hakuosha vyombo. Yeye ana akili kuliko mimi. Alichukua kitabu chake cha Sayansi, akaenda kusimama barazani mbele ya mdogo wake, akaanza kusoma kwa sauti.

"Vizuri," Mama akasema. "Soma nisikie."

Akasoma. Mzunguko wa maji katika mazingira: mvuke, mawingu, mvua. Siku ya kwanza alisoma ukurasa ule mara nyingi sana. Siku ya pili ukurasa ule ule. Mama hakuona kwamba kitabu hakifunuliwi. Macho ya binti yangu hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa kwenye mikono ya mdogo wake. Siku ya tatu Mama akasema, "Mke mwenzangu, hiyo mvua yenu ya shule hainyeshi ikaisha?" Mume wake mdogo akaangua kicheko, akaangusha vitanzi viwili.

Mchana, Mama akilala, sisi wawili tulikuwa wanafunzi wa mvulana wa miaka tisa. Tulikaa meza ya kulia. Alikuwa mwalimu mkali.

"Mama, umekaza mno. Sindano itapitaje?"

"Nimelegeza, mwanangu."

"Hujalegeza. Angalia dada."

Dada alikuwa anakwenda. Kila alichokiona asubuhi alikuwa tayari anacho mikononi, na mchana ulikuwa wa kuhakikisha tu. Alianza na skafu, akaja kwenye ukingo wa mifupa, ule wa mistari iliyosimama kama mbavu, na mwisho wa wiki ya tatu akafika kwenye msuko, ule ambao watu wa kwetu wakiuona kifuani kwa sweta wanajua ni mkono wa Mama: unaweka vitanzi vitatu pembeni kwenye kijiti, unafuma vitatu vinavyofuata, kisha unavirudisha vile vya kwanza, na uzi unapanda juu ya mwenzake kama nywele zilizosukwa. Mimi nilikuwa bado kwenye skafu, yenye matundu, upande mmoja mpana kama jamvi na mwingine mwembamba. Kila usiku niliilaza chini ya mto wangu. Sijui nilikuwa namficha nani.

Kisha, siku tatu kabla ya upasuaji, Mama alipapasa kwenye kochi akitafuta kazi ya mjukuu wake, akashika ya binti yangu.

Nilikuwa mlangoni. Nikaona vidole vyake vinatembea, vinasimama kwenye msuko, vinarudi chini, vinapanda tena. Msuko wake unalala kulia. Huu ulikuwa unalala kushoto, kila mahali kushoto, safi, bila kukosea hata mara moja. Binti yangu alijifunza akiwa amemkabili mdogo wake, kila kitu alikiona kama mtu anavyojiona kwenye kioo, kwa hiyo anafuma kwa mkono wa kushoto ingawa anaandika kwa wa kulia.

"Huyu siye mume wangu," Mama akasema taratibu. "Ni ya nani hii?"

"Ya mke mwenzako," mwanangu akajibu, bila hata kuinua kichwa.

Mama akatafuta mwisho wa uzi. Akaupata, akachomoa sindano, akaanza kuvuta.

Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili. Binti yangu hakulia. Alisimama tu mdomo wazi. Nikavuka sebule nikamshika Mama mkono. Kwetu hakuna mtu anayemshika mama yake mkono namna ile. Niliushika kwa nguvu, mkono mwembamba, wenye mifupa ninayoijua, nikasema, "Acha."

"Niachie."

"Hutafumua. Ulinifanyia mimi, huyu hutamfanyia. Ulininyima ukanitumia kofia, nikachekwa mwaka mzima. Nilikukosea nini, Mama? Mikono yangu ilikukosea nini?"

Hakuuvuta mkono wake. Kisha akaongea akielekea dirishani, kama anamsimulia mtu aliyeko nje.

Alisema alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alifuma sweta moja, lake la kwanza kamili, lenye msuko aliojifunza kwa mama yake. Mama yake alijivuna nalo, akalipeleka kanisani kuwaonyesha akina mama wa usharika. Lilizunguka mkono kwa mkono. Jioni ile baba yake alilishika, akaligeuza, akasema: huyu tayari ana kazi. Kaka yake akaendelea na shule. Yeye alikuwa anamzidi kaka yake hesabu. Aliongezewa sindano na uzi.

"Sweta lile ndilo lililonitoa shule," akasema. "Siyo mimba, siyo njaa. Kujua. Kama ningefuma vibaya, ningesoma."

"Na mwanangu wa kiume?"

"Mwanaume akijua kufuma watamcheka tu. Hakuna atakayemwambia aache shule akafume."

Ningependa kuandika kwamba hapo hasira yangu iliyeyuka. Haikuyeyuka. Iliongezeka, ikakosa pa kukaa. Nilimkasirikia babu yangu, aliyelala miaka mingi chini ya migomba yake na huwezi kumuuliza kitu. Niliwakasirikia akina mama wa kanisani kwa kusifia. Na Mama nilimkasirikia vile vile, pengine zaidi, kwa sababu alichukua jeraha lake akaniwekea mimi kama dawa, bila kuniuliza, na akanyamaza miaka thelathini. Angeniambia ningeelewa. Badala yake nilikua nikidhani sina mikono.

"Nani atamtoa huyu shule?" nikamuuliza. "Mimi? Baba yake? Hakuna mtu humu ndani wa kumtoa. Unamlinda na mtu aliyekwisha kufa."

"Hujui," Mama akasema. "Hata mimi sikujua siku ile asubuhi."

Aliyemjibu ni binti yangu. Alichukua kazi yake kutoka mapajani mwa Mama, uzi ukining'inia, akaanza kuvirudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja.

"Bibi, mimi nimeshajua," akasema. "Labda sasa unifundishe kusahau."

Mama akageuza uso kuelekea sauti ile.

"Mke mwenzangu una mdomo."

"Ninao."

"Na shule?"

"Nimekuwa wa pili."

"Wa kwanza ni nani?"

"Mvulana mmoja."

Mama akaguna. Akanyoosha mkono. "Lete. Ukingo wako unavutika, unaonekana hujui kugeuza mstari. Nani kakufundisha kugeuza hivyo, ni mume wangu? Mume wangu huyu mvivu." Na wakakaa, vichwa vimekaribiana, kulia na kushoto, mmoja asiyeona na mmoja anayefuma kinyume, wakagombana kuhusu ukingo mpaka chakula cha jioni.

Niliingia chumbani nikachukua skafu yangu chini ya mto. Nikaileta sebuleni, nikaiweka mapajani mwa Mama, juu ya kazi ya binti yangu. Nikasubiri kama siku ya matokeo.

Vidole vikatembea. Vikaingia kwenye matundu, kimoja baada ya kingine, vikatoka.

"Nani kakufundisha?"

"Mjukuu wako."

"Basi endelea naye," akasema, akanirudishia. "Wewe una kazi yako."

Nikaenda mezani. Mwanangu akaikagua skafu akiwa amekunja uso kama mkaguzi wa shule, akaona kitanzi nilichoruka mistari mitano nyuma, akachomoa sindano na kuvuta. Yote mitano ikaenda.

"Tunaanza upya, Mama," akasema. "Usikasirike."

Nikamwambia sijakasirika. Nikafunga kitanzi cha kwanza, kikakaza mno, nikakifungua, nikafunga kingine.