Skafu za Maganda ya Vitunguu

Kamba yetu ya nguo ilifungwa kutoka nguzo ya choo hadi mparachichi, upande unaotazama barabara. Hapa Boito, kwenye vilima vya chai, jua ni la kuvizia. Likitoka asubuhi unaanika unachotaka kikauke, kwa maana mchana mvua itakuja tu, na siku mbaya inakuja na mawe yanayoacha majani ya chai kama yametafunwa na mbuzi. Basi asubuhi hiyo nilianika skafu zote za kina mama wa kanisa, moja baada ya nyingine, mpaka kamba ikalegea. Zilikuwa za manjano, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nilisimama nikazitazama zikipepea, nikajisifu kimoyomoyo, kisha nikabeba kikapu nikaenda kuchuma chai kwenye shamba la jirani.

Kazi hiyo ya skafu ilianza kwa sababu ya masikio ya binti yangu. Mimi na mume wangu ni watu wa kutoka Kisii. Yeye anafanya kazi kiwanda cha chai, na tumepanga nyumba hapa tangu mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni. Baridi ya alfajiri ilimpiga mtoto masikio kila mwaka, akilia na kujishika kichwa. Sweta mpya sikuiweza. Nikaenda sokoni siku ya mwisho ya belo la mitumba, nguo zinapobaki zile tunazoziita fagia, nikarudi na sweta zilizotoboka viwiko. Nilizifumua uzi mpaka mwisho, nikauzungushia kwenye mgongo wa kiti, nikaulowesha ili unyooke, kisha nikafuma upya: kofia, skafu, glavu zisizo na vidole. Fulana kuukuu nilizikata utepe mmoja mrefu kuzunguka kuanzia pindo hadi kwapani. Ukiuvuta unajikunja wenyewe kama kamba, na ukisuka tatu pamoja unapata kitu cha shingoni ambacho mtu hawezi kujua kilikuwa fulana. Vifungo vya mashati niliviviringishia vipande vya kitenge vikawa vipuli na vibanio vya nywele.

Kina mama wa kanisa waliona. Tulikuwa tunajiandaa kwa siku ya ushirika, ambapo makanisa kadhaa yangekutana, na wao walitaka skafu za kufanana. Kitambaa cha dukani kilitushinda. Nikawaambia, kila mmoja alete shuka nyeupe ya zamani, hata iliyochanika, mradi ni pamba. Maganda ya vitunguu niliyaokota kwa wenye hoteli na wauza mboga pale senta. Nililoweka shuka kwenye chai nyeusi ili rangi ishike, kisha nikazichemsha na maganda kwenye sufuria kubwa, nje, juu ya mawe matatu. Wengi wa kina mama hao ni Wakipsigis, wenyeji wenye mashamba yao. Wachache ni sisi tuliokuja.

Sasa niko shambani, nachuma. Mama aliyekuwa mstari wa pili akasogea karibu, akasema bila kuniangalia:

"Kwa hivyo umeamua kujitangaza?"

"Kujitangaza vipi?"

"Hiyo yelo yako kwa kamba. Watu wanasema ni ya chama."

Mikono yangu ilisimama juu ya majani. Ulikuwa msimu wa kampeni. Wiki iliyotangulia gari la chama kimoja, ambacho upande wetu hakikuwa na rafiki wa kujitokeza, lilipita na vipaza sauti, na watu waliokuwa juu yake walikuwa wamejifunga vitambaa vya manjano shingoni. Lilifukuzwa kwa mawe. Nililiona kwa macho yangu. Lakini mimi nilikuwa na vitunguu akilini, na siku ya ushirika. Vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu mpaka mama yule alipovikutanisha.

"Ni shuka za kanisa," nikasema.

"Mimi najua. Nimeleta yangu." Akaendelea kuchuma. "Lakini barabara haijui."

Niliacha kikapu kikiwa nusu, nikashuka njia ya mkato mbio mbio, umande ukinilowesha mpaka magotini. Nilipofika nyumbani, nilimkuta mama mwenye nyumba, mzee wa Kikipsigis ambaye sote twamwita Kogo, yaani nyanya, akizitoa skafu kwenye kamba na kuzitupa ndani ya beseni. Vidole vyake havina nguvu tena, kwa hiyo hakuwa akifungua vibanio. Alikuwa akivuta tu.

"Toa nguo yako hapa," akaniambia. "Pikipiki imepita mara mbili ikienda polepole. Mtu haendi polepole kwa hii barabara bila sababu."

Tukazitoa pamoja. Zilikuwa hazijakauka. Niliziingiza ndani, nikafunga mlango, na chumba chote kikanuka vitunguu.

Mume wangu alitoka zamu adhuhuri. Hakuvua koti. Habari zilikuwa zimefika kiwandani kabla yake: kwamba nashonea chama, kwamba kuna lori litakuja kuchukua mzigo usiku, kwamba nyumba yetu ndiyo stoo.

"Choma," akasema.

"Si zangu. Ni shuka za watu."

"Nitawaeleza watu."

"Utawaeleza nini? Kwamba tuliogopa vitunguu?"

Akakaa kitandani, akainamisha kichwa. Alipokuwa kijana, katika msimu wa namna hii, wazazi wake walihama mahali walipokuwa wakiishi na magodoro kichwani, na hawakurudi. Huwa hasimulii. Ninajua kwa sababu kila mwaka wa uchaguzi hulala na viatu karibu na mlango.

"Mama," akaniambia, jina analoniitia mbele ya mtoto, "wewe unafikiri mtu akija na kiberiti atauliza ni rangi ya nini?"

Alitoa begi chini ya kitanda akaanza kutia nguo za binti yetu. Alizikunja vizuri, moja moja, na kule kukunja vizuri ndiko kulikonitisha zaidi ya maneno yake.

Tulikuwa hivyo waliposimamisha pikipiki nje. Vijana watatu. Mawingu yalikuwa yameshafunika vilima na mwanga ulikuwa wa kijivu, ule wa kabla ya mvua. Nilimtambua mmoja kwa sura, mwenye koti jeusi. Anaendesha boda boda pale steji. Mume wangu akatoka, nikamfuata, nikamwacha mtoto ndani na kumwambia asitoke hata akiitwa.

"Wapi hizo skafu?" akauliza wa koti jeusi.

"Ni za kanisa," mume wangu akasema.

"Sijauliza ni za nani. Nimeuliza ziko wapi."

Wa pili, mwembamba, aliyevuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, akaiona sufuria yangu kwenye mawe. "Ndio hapa kiwanda," akasema, na wenzake hawakucheka.

Nikaingia ndani, nikatoka na beseni. Mume wangu alinitazama kana kwamba nimemsaliti, lakini niliona heri wazione zikiwa mikononi mwangu kuliko waingie kuzitafuta mahali alipo mtoto. Nikaliweka beseni chini. "Angalieni," nikasema. "Hakuna maandishi, hakuna picha ya mtu. Hiyo rangi nimepika na maganda ya kitunguu. Maganda yenyewe hayo hapo."

"Mathe, unatuona wajinga?" akasema yule mwembamba. "Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Kina mama walileta shuka."

Wa koti jeusi akainama, akachota skafu kama mtu anayeinua kitu kilichokufa. Akaikunjua. Nilipokuwa nikikata zile shuka, nilizikuta nyingine zina maua yaliyodariziwa kwenye pembe, kazi ya mikono ya zamani, na sikuwa na moyo wa kuyatupa. Niliyaacha yaangukie kwenye ncha za skafu. Ile aliyoishika ilikuwa na ua la uzi mwekundu, na petali moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa buluu, nadhani kwa sababu mwekundu uliisha. Kijana akapitisha kidole gumba juu ya ile petali ya buluu. Akarudia.

"Hii mmetoa wapi?"

"Ni ya mama mmoja wa kwaya. Anakaa ule upande wa chini, karibu na mto."

Mwembamba akasema, "Wacha tuchome twende, mvua inakuja."

"Ngoja."

Wa koti jeusi akatoa simu, akapiga, na sijui ni kwa mazoea au kwa kuchanganyikiwa, akaiweka kwenye spika. Sauti ya mwanamke ikajaza uwanja, kwa Kikipsigis. Mimi naelewa kidogo tu. Nilisikia kijana akiuliza habari ya shuka ya maua, nikasikia mama akijibu kwa furaha kwamba ndiyo, aliitoa kwa ajili ya kanisa. Kisha furaha ikaisha katikati ya sentensi. Akageukia Kiswahili, bila shaka alijua nasikia.

"Uko kwa huyo mama wa skafu? Unafanya nini hapo?"

Kijana akaitazama skafu mkononi.

"Nimeuliza, unafanya nini kwa huyo mama? Usitoke hapo. Nakuja."

Akakata. Tukasimama, sisi watano na Kogo mlangoni pake, tukimngoja mwanamke apande mlima. Ni kungoja kurefu kuliko kote ninakokumbuka. Mume wangu alikuwa amejiweka kati ya mlango na wale vijana. Mwembamba alikuwa akichezea kiberiti mfukoni. Nilisikia njiti zikigongana.

Alitokea katikati ya majani ya chai akiwa bado amefunga aproni ya plastiki ya kuchumia. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akachukua skafu mkononi mwake.

"Hii shuka nilishona nikiwa na mimba yako," akamwambia. "Ulilala kwa hii. Ulikojoa kwa hii. Leo ni ya chama?"

"Mama, watu wamesema..."

"Watu gani? Waite waniambie mimi."

Yule mwembamba akaona mambo yamemponyoka. Akaipiga teke sufuria yangu, ikaviringika, maji ya manjano na maganda yakamwagika mpaka miguuni pa Kogo. Akaondoka kwa miguu, wa tatu akamfuata. Wa koti jeusi alibaki kidogo akiangalia chini. Akawasha pikipiki, akaenda. Hakusema pole. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, na mimi nikaliinua beseni nikalirudisha ndani.

Kesho yake kina mama walikutana barazani kwa Kogo. Wengine walikuwa na hasira. Rangi haina mwenyewe, walisema, tukikubali hii kesho tutaambiwa hata mahindi ni ya chama. Nilikuwa upande wao. Nilitaka tuzivae hivyo hivyo. Ndipo mwenyekiti wetu akasema taratibu:

"Maneno yenu ni ya kweli. Lakini jioni kila mmoja ataenda kwake, na huyu atabaki hapa na mtoto."

Nilitaka kubisha, kisha nikamwona binti yangu amesimama mlangoni petu.

Basi nilizigeuza rangi. Nililoweka misumari yenye kutu na vipande vya bati kuukuu ndani ya siki, nikachemsha chai nzito kuliko ile ya kwanza, nikavichanganya. Chai ikikutana na kutu hubadilika kuwa nyeusi. Kila mchumaji anajua jinsi majani yanavyoacha weusi vidoleni na kwenye kisu. Nilitumbukiza skafu moja moja, na kila manjano iliyozama niliionea uchungu. Zilitoka za kijivu chenye ukijani, kama jiwe la mtoni, na baadhi zilikuwa na mabaka. Hazikuwa mbaya. Lakini sizo nilizokuwa nimezipika.

Mama wa ua jekundu alikataa yake isiguswe. Siku ya ushirika sisi wote tulikuja na kijivu, na yeye akaja na manjano yake shingoni, akaketi mstari wa mbele, akaimba. Wageni waliuliza tulinunua wapi, na mwenyekiti akanionyesha kwa kidole. Nilitabasamu. Moyoni nilikuwa nikimtazama yule mmoja wa manjano na kuona kijicho, kwa sababu yeye aliweza kuivaa barabarani na mimi nisingeweza. Yeye alikuwa kwao.

Tulirudi pamoja jioni ile, nikamuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," akasema. "Siku ile nikipanda huo mlima nilikuwa naogopa nitakuta mtoto wangu amekuwa mtu mwingine." Tukavuka kidaraja cha mbao. "Hata sasa namwangalia akila, najiuliza ingekuwaje kama ningechelewa."

Uchaguzi ulipita. Kwetu hapakuchomwa kitu. Mume wangu alikaa wiki kadhaa kabla ya kurudisha nguo za mtoto kwenye sanduku. Yule kijana nikimkuta steji hunisalimu, "Chamgei, mama," nami humwitikia, lakini sijawahi kupanda pikipiki yake. Mama yake huja kwangu Jumamosi mchana na nguo zake za fagia ndani ya gunia. Nimemfundisha kufumua sweta kutoka mahali sahihi, kwenye mshono wa bega, ili uzi usikatike. Ana haraka, huvuta kwa nguvu, na mimi humshika mkono na kumwambia, polepole dada, polepole, utakuja wote.