Muzee Balagizi na Kikopo cha Kunasa Mafuta

Muzee Balagizi alikuwa na sheria moja kazini, na wateja wake wote waliijua: haondoi kitu ambacho gari lilitoka nacho kiwandani, wala haongezi kitu ambacho halikutoka nacho. Ukimletea taa za rangi za kufunga chini ya bampa, atakuelekeza kwa fundi mwingine, kwa adabu kabisa, na hata njia ya mkato atakuonyesha. Yeye anatengeneza tu.

Sheria hiyo aliipata Bukavu, akiwa na miaka ishirini na minane. Mwenye basi moja alimwomba atoe termostati, kile kidude kinachozuia maji ya kupozea yasizunguke kabla moteri, yaani injini, haijapata joto. Siku zile kila fundi alikuwa akiitoa, eti inasumbua. Balagizi aliitoa. Basi likatembea zaidi ya mwaka moteri ikiwa baridi, mpaka pistoni zikalika. Mwenye basi hakumlaumu. Alidhani ni uzee wa gari. Balagizi alijua ukweli na akanyamaza. Alipohamia Goma na mke wake Julie, lile jambo la basi alihama nalo.

Sasa ana miaka sitini na mitatu. Garaji yake iko mtaa wa Katindo, uwanja mdogo wenye paa la mabati. Sakafu ni jiwe jeusi la volkano alilolisawazisha mwenyewe kwa nyundo na patasi, kipande kwa kipande, ili jeki isiyumbe. Ilimchukua miezi saba. Anapenda kuwaambia watu kwamba Goma nzima hakuna fundi aliyetengeneza ardhi kabla ya kutengeneza gari.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, pikapu nyeupe ya dizeli iliingia pale uwanjani, nyuma imejaa makopo matupu ya maziwa yanayogongana. Aliyeshuka alikuwa Léonie, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa milima ya Masisi, kwao wafugaji. Kila wiki huleta mjini maziwa na fromaji, zile jibini za duara zinazotoka milimani, na gari huliendesha mwenyewe.

"Jambo, Muzee. Nakuletea mugonjwa," alisema.

"Jambo, mama. Anaumwa nini?"

"Anakunywa mafuta ya moteri. Litri moja kila wiki mbili. Akipanda mulima, anatoa moshi ya bluu. Mafundi babili banasema ni turbo. Wa kwanza alishabadilisha turbo, moshi ikarudi. Wa pili anataka kubadilisha tena."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema sibadilishi tena kitu mpaka mutu anionyeshe kwa macho."

Jibu hilo lilimpendeza Balagizi. Alifungua kifuniko cha mbele, akalegeza bomba kubwa la mpira linalopeleka hewa kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya moteri, akalitoa. Mafuta meusi yalimwagika kwenye kiganja chake. Léonie akaguna. Balagizi alijipangusa kiganja. Aliingiza vidole viwili ndani ya turbo, akashika kile kijifimbo cha katikati kinachozunguka, akakitikisa juu na chini, kulia na kushoto. Hakikucheza.

"Leta mukono wako," alimwambia. Léonie akaingiza vidole, akatikisa yeye mwenyewe.

"Kimekaa imara."

"Njo vile. Turbo iko muzima. Sasa tutafute haya mafuta yanatoka wapi."

Alifuata kwa kidole mpira mwembamba uliotoka kwenye kifuniko cha juu cha moteri na kuingia kwenye lile bomba kubwa, karibu kabisa na turbo. Aliuchomoa, akamwambia Léonie awashe moteri. Hewa ya moto ikaanza kutoka kwenye kifuniko, puf, puf, puf, pamoja na ukungu mwembamba wa mafuta. Balagizi aliweka kipande cha karatasi mbele ya hewa hiyo. Baada ya dakika moja karatasi ilikuwa imelowa.

"Angalia, mama. Moteri inapumua. Moto wa juu unapenya kidogo pembeni ya pistoni, unashuka chini kwenye mafuta. Ile hewa haiwezi kubaki mule, itasukuma mpaka ipasue. Basi inatolewa hapa, inarudi kwa turbo ili ichomwe. Moteri mupya inatoa karibu hewa tupu. Ya kwako imezeeka, inatoa hewa na ukungu wa mafuta. Turbo inavuta, moteri inachoma, wewe unaona moshi."

"Kumbe turbo haina makosa."

"Haina. Iko inapokea tu."

Léonie alitoa simu mfukoni. Binamu yake Achille, dereva wa malori, alikuwa amemtumia picha ya gari lililofungwa kikopo kidogo katikati ya ule mpira mwembamba. Hewa inaingia kikoponi, mafuta yanabaki chini, hewa safi inaendelea kwa turbo.

"Muzee, unifungie hii."

Balagizi aliitazama picha, akamrudishia simu. "Haikutoka na gari, mama. Mimi siongezi."

"Juu ya nini?"

"Ni sheria yangu."

Léonie hakubishana. Alisema atarudi kesho, labda sheria italala vizuri na kuamka imebadilika, akaondoka na makopo yake.

Jioni ile, mezani, Balagizi alimsimulia mke wake. Julie alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na hana subira na watu wanaojizungusha. Alisikiliza huku akimwekea bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, akauliza swali moja tu.

"Papa Christa," alisema, kwa jina la binti yao wa kwanza, "hizo miwani ulizaliwa nazo?"

Balagizi aliinua mkono akagusa miwani usoni. Akacheka mpaka akapaliwa na sambaza, na Julie ikabidi ampige mgongoni. Walipotulia, akamweleza habari ya lile basi la Bukavu. Miaka thelathini na mitano hakuwa amemwambia mtu. Julie hakumpa pole wala hakumkemea.

"Ulitoa kitu bila kujua kazi yake," alisema. "Hiki unajua kazi yake?"

"Najua."

"Basi."

Kesho yake Léonie alipofika, Balagizi alimwambia atafunga, ila kwa sharti moja: siku yoyote wakitaka kukitoa, gari lirudi jinsi lilivyokuwa, bila tundu jipya wala waya uliokatwa. Léonie akakubali, akatoa kwenye kiti cha mbele kikopo cha maziwa cha alumini, cha litri mbili, chenye kifuniko cha kubana. Kilikuwa cha bibi yake, kimebonyea upande mmoja.

"Hiki hakivuji," alisema. "Kimebeba maziwa juu ya kichwa, juu ya chukudu ya mbao, juu ya pikipiki. Hakijavuja hata siku moja."

Walikifanyia kazi siku mbili. Balagizi alitoboa matundu mawili kwenye kifuniko, akafunga midomo miwili ya shaba na mipira ya kuzuia kuvuja. Mdomo wa kuingizia aliuongezea mrija unaoshuka mpaka katikati ya kikopo, ili hewa ifike chini kwanza. Wa kutolea aliuacha juu. Katikati alijaza nyuzi za chuma kisichoshika kutu, zile za kusugulia sufuria, maana ukungu wa mafuta ukigusa chuma hugeuka matone na kudondoka. Chini kabisa alifunga bomba dogo la kufungulia, la kumwagia mafuta yaliyonaswa.

"Na uzi mumoja ukikatika, ukaenda kwa turbo?" Léonie aliuliza.

Swali hilo lilimsimamisha Balagizi. Lilikuwa swali la fundi. Léonie mwenyewe alikuwa na jibu. Alienda kwenye gari akaleta kichujio chake cha maziwa, cha wavu wa chuma, wakakikata duara na kukibana chini ya mdomo wa kutolea hewa.

Kikopo walikiweka mbali na bomba la moshi, upande wa betri, ambako upepo wa mbele unakipoza. Mipira miwili ilikaa vizuri, haikukunjika popote. Balagizi alibana kila kitu kwa pete za chuma, akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Halikuwa jambo baya kulitazama.

Walijaribu kwenye barabara ya Kibati, kwa sababu inapanda. Léonie alishika usukani, Balagizi akakaa pembeni. Kwenda kulikuwa kuzuri, moshi hakuna. Lakini walipofika Kibati na kusimama, harufu ya mafuta yaliyoungua iliingia ndani. Balagizi alifungua mbele. Kijiti cha kupimia mafuta kilikuwa kimesukumwa juu kutoka kwenye tundu lake, na mafuta yalikuwa yameruka mpaka kwenye betri.

Alijua mara moja. Nyuzi za chuma alizijaza nyingi mno, akazikandamiza. Moteri ilikosa pa kupumulia, ikatafuta njia nyingine. Lile basi la Bukavu likamrudia, na safari hii mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yake.

"Mama Léonie," alisema, "ni mimi njo nimekosa. Nimeiziba pua."

Léonie aliangalia mafuta, akaangalia kijiti, akachukua kitambaa akaanza kufuta betri. "Imekufa?"

"Hapana. Tumeiona mapema."

"Basi fungua, tupunguze. Hata maziwa, kichujio kikijaa yanapanda juu na kumwagika. Mimi nilijua hii, nimenyamaza juu ya wewe njo fundi."

Walicheka wote wawili, pale kando ya barabara, watu wakipita na mizigo ya viazi. Balagizi alirudisha kijiti mahali pake, akapima mafuta, yalikuwa bado ya kutosha. Akafungua kikopo kwa uangalifu asijichome, akatoa zaidi ya nusu ya zile nyuzi, akazilegeza zilizobaki. Kisha akaweka kinywa kwenye mdomo mmoja wa shaba na kupuliza. Hewa ilipita kama mtu anayepumua bila kujua kwamba anapumua. Akampa Léonie naye apulize. Wakafunga, wakapanda tena mpaka mbali zaidi ya mara ya kwanza, wakarudi Katindo. Kijiti hakikusogea.

Jumamosi iliyofuata Léonie alirudi kutoka Masisi, matope mpaka kwenye vioo. Balagizi aliweka glasi chini ya kikopo, akafungua lile bomba dogo. Yalitoka maji maji ya rangi ya chai ya maziwa, mafuta na unyevu vimechanganyika, karibu nusu glasi. Kisha akatoa bomba kubwa la turbo, lile alilokuwa amelisafisha kabla ya kufunga kikopo, akapitisha kidole ndani na kukiinua juu ili Léonie aone. Kilikuwa kikavu.

Jioni ile alimletea Julie ile glasi nyumbani. Julie alimwambia aitoe mezani haraka, kisha akamwita arudi nayo, akainua juu kwenye mwanga na kuitazama kwa makini, kama alivyozoea kutazama mambo wodini.

Balagizi hakumficha Léonie kwamba pete za pistoni zimechoka na siku moja moteri itahitaji kufunguliwa yote. Kikopo kinaokoa turbo, hakimfanyi mzee kuwa kijana. Léonie akasema siku hiyo ikifika atamletea yeye. Habari zikaenea, wakaja wengine. Bwana mmoja alileta gari karibu jipya, anataka kikopo kinachong'aa. Balagizi aliweka karatasi mbele ya pumzi ya moteri, ikabaki nyeupe, akamrudisha nyumbani. Kwa wengine wawili alifunga.

Mwezi wa nane Léonie alimwalika Muzee na mke wake kwao Masisi, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Waliondoka saa mbili asubuhi, watatu kwenye kiti cha mbele, Julie katikati na keki magotini. Baada ya mji mdogo wa Sake barabara ilianza kupanda na kujipinda kati ya mashamba na malisho. Julie alikuwa akimweleza Léonie juu ya mama wa pacha aliyewahi kumzalisha wakati umeme umekatika, akageuka ili mume wake athibitishe. Balagizi alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, kinywa wazi.

"Muache," Julie alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote tumepanda magari pamoja, hajawahi kulala. Siku zote anasikiliza moteri."

Léonie alibadilisha gia taratibu asimwamshe, na pikapu ikaendelea kupanda.