King'ora cha Chakula cha Jioni

Watu wa Dornik wana saa, tena za ukutani na za mkononi, ila hawaziamini. Wanachokiamini ni king'ora kilichosimikwa juu ya kituo cha zimamoto, ambacho kila siku saa kumi na mbili jioni hulia hadi mbwa wa mji mzima wakaitikia. Kikilia, kina mama wanapakua, wanaume wanashuka kwenye matrekta, na mwenye kuchelewa mezani asimlaumu mtu. Kikilia saa nyingine yoyote, hiyo ni tufani: shuka chumba cha chini ya nyumba, maswali utauliza ukishafika. Sauti ni ileile. Kinachotofautisha ni saa tu, hizo saa wasizoziamini.

Mwenye kidole cha kukibonyeza alikuwa Lumir Kratochvil, mkulima wa ngano aliyechoka kulima lakini asiyechoka kusumbua watu. Walipotaka kuweka mtambo wa kukiliza wenyewe, aligoma. "Mtambo unajua nini kuhusu njaa?" aliuliza, na hapo hoja ikafa.

Usumbufu wake mwingine ulikuwa mvua ya mawe. Tangu ile iliyoua ndama wake na kuyaacha mapaa ya mji kama chujio, kila majira ya kuchipua Lumir alizunguka na pikapu yake, nyumba hadi nyumba, akigawa mbao za plaiwudi alizozikata kwa kipimo cha kila dirisha la magharibi, maana tufani za huko hazijui kutokea upande mwingine. Alipigilia kulabu za kuzitundikia tufani ikija. Alikagua ngazi za kushukia chini, akafukuza maboksi ya mapambo ya Krismasi yaliyozijaza. Alihubiri juu ya viatu na tochi kukaa karibu na mlango, akapewa kahawa, akachekwa.

"Mwaka huu mbao," alisema Gaylen Sorensen, msimamizi wa ghala la nafaka, mtu mwenye tumbo la kutangulia. "Mwakani utaniletea jeneza, mzee?"

"Jeneza lako litamaliza msitu, Gaylen. Anza kwa kupunguza keki."

Dirisha moja tu la magharibi lilikuwa halijapata ubao Dornik nzima, nalo lilikuwa la jikoni kwake. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikatazwa na mwenye nywele. Mkewe Adeline alivunjika nyonga majira ya baridi, akawa anatembelea fremu ya chuma, na siku yake yote aliipitisha mezani pale dirishani, akiitazama ngano.

"Miguu imeshafungwa," alisema. "Na dirisha nalo ulifunge? Ndiyo nini, nimekuwa kuku wa kuatamia?"

Wakapatana. Ubao ungeegemezwa nje, ukutani. Wingu likionekana, Lumir angeutundika mara moja. Akiwa kituoni, king'ora ndicho kingekuwa ishara: Adeline ashuke chini taratibu, akishika ukuta.

Twyla, muuguzi aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya mguu, alisikiliza mapatano hayo akakunja uso. "Na mawe yakija saa ya kula, babu?"

"Mawe hayali," alisema Lumir. Wakacheka wote watatu, Adeline kuliko wote.

Siku yenyewe ngano ilikuwa imebakiza kidogo ivunwe. Joto lilikuwa la kumtoa nyoka shimoni, upepo ukakata ghafla, na upande wa magharibi mbingu ikageuka kijani, rangi ya chubuko la siku ya tatu. Lumir alikuwa kituoni tayari, kwa vile hakuwahi kuchelewa. Redio ikakoroma: wilaya jirani inapigwa, mawe ya ukubwa wa ngumi, yanaelekea mashariki.

Dornik ndiyo mashariki.

Akanyoosha kidole, macho yakapita kwenye saa ya ukutani, na mkono ukamgandia hewani. Zilibaki dakika chache kufika kumi na mbili.

Alipiga simu nyumbani. Ikaita, ikaita. Simu ya Adeline ilikuwa chumbani kwenye chaji, na Adeline alikuwa jikoni na miguu yake ya chuma. Lumir angeweza kurukia pikapu akamfikia mkewe kwanza. Lakini mji mzima ungebaki bila hata sauti. Akabonyeza.

King'ora kikapaa. Alikibana kwa kidole muda mrefu kuliko siku zote, akitumaini urefu utasema jambo, kisha akatoka mlangoni kuona. Barabarani Gaylen alikuwa anatoka ghalani, anajifuta mikono kwenye suruali, mwendo wa mtu anayenusa nyama ya nguruwe kwa mbali.

"Leo umetuwahisha!" Gaylen alipaza sauti. "Njaa imekuzidi, mzee?"

"Mawe! Shuka chini, mawe!"

"Eeh, kale kwanza wewe!"

Alirudi ndani akakikatakata: kilie, kinyamaze, kilie. Hakuna aliyewahi kuambiwa kilio cha kukatika kina maana gani. Mtaa wa pili mama mmoja alimfungulia mlango mume wake, akaufunga. Ndipo Lumir alipoona wazi anachokifanya. Kila alivyozidi kuwaonya, ndivyo alivyozidi kuwakalisha mezani, na meza za Dornik zote zinatazama magharibi.

Akakimbilia pikapu.

Jiwe la kwanza lilipiga boneti kama nyundo. Yaliyofuata hayakuja moja moja. Kioo cha mbele kikaingia ndani kabla hajafika kona ya kanisa; akaendesha kichwa nje, kisha akaliacha gari mtaroni, akakimbia na kapeti la gari kichwani, mabega yakitwangwa. Ubao wa dirisha ulikuwa palepale alipouegemeza.

Adeline alikuwa sakafuni kati ya kiti na jiko. Mezani kulikuwa na sahani mbili, nyama, kabichi na madonge ya unga, na juu ya vyote vioo na barafu. Alikuwa ameziba uso kwa kitambaa cha meza, na kitambaa hakikuwa cheupe tena.

"Nimesikia unaita," alisema. "Nikapakua."

Hospitali waliokoa jicho moja.

Mji ulipofagia vioo, mbao za Lumir zilikutwa mabandani, safi, kila moja na jina la mwenye nyumba. Nani angetundika ubao saa ya kula? Ngano ililala ikaoza. Mafundi wa mapaa walifika kutoka mbali wakiwa na tabasamu, kama nzi wenye kadi za biashara. Kwenye kikao cha mji Twyla alitaka king'ora cha chakula kifutwe. Gaylen akasimama, kichwa kikiwa na nyuzi za kushonwa, akasema babu yake alikula kwa king'ora kile. Wakapiga kura: kibaki, ila siku ya tufani kilie mara mbili. Lumir aliweka ufunguo wa kituo mbele ya Gaylen, akaenda zake.

Jioni ya kwanza Adeline aliporudi, Lumir alimkalisha mezani, akamkatia nyama. Dirisha lilikuwa na kioo kipya na mbingu ilikuwa nyeupe. King'ora kikalia.

Adeline aliachia uma. Mkono wake ukapapasa kutafuta fremu.

"Ni chakula, mama. Ni Gaylen tu huyo."

"Unajuaje?"

King'ora kikanyamaza, naye Adeline alikuwa ameshafika mlango wa ngazi, akihesabu kimoyomoyo, akingoja kama kitalia tena. Akashusha mguu mmoja, kisha wa pili.

Lumir alichukua sahani zote mbili, akamfuata.