Sekunde Kumi Chini ya Mbavu

Katika chumba cha upasuaji jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Wote walimwita Birika, kwa sababu hakukuwa na mtoa dawa za usingizi mwenye mkono wa birika kama yeye. Presha ya mtoto ikishuka kidogo, wenzake walikimbilia sirinji na kusukuma maji ya dripu. Yeye alisimama, akatazama, akasema, "Tumuulize kwanza kama anayataka."

Na mtoto, jamani, atajibuje? Amelala usingizi wa dawa, bomba liko kooni, mashine inampumulia, kifua kimetoka kushonwa sasa hivi. Moyo uliotoka kukatwa na kutengenezwa una mambo yake. Mmoja una kiu: ukiupa maji unajaa, unasukuma kwa nguvu, presha inapanda. Mwingine umechoka: ukiupa maji yaleyale unavimba, yanayozidi yanarudi mapafuni, na mtoto anazama akiwa juu ya kitanda kikavu. Kwa nje yote miwili inafanana. Namba za kwenye skrini zinazowasaidia madaktari kwa watu wazima, kwa watoto wadogo mara nyingi hubabaisha tu.

Birika alikuwa na njia yake, aliyoipata kwa mwalimu wake. Aliingiza mkono wa kulia chini ya mashuka ya kijani, akauweka juu ya ini, chini kidogo ya mbavu, akabonyeza taratibu kwa sekunde kumi. Damu iliyotulia tumboni hukimbilia moyoni, na moyo unapata kuonja. Presha ikipanda, mpe maji. Isipopanda, weka sirinji chini. Ukiachia mkono, damu inarudi ilikotoka na hakuna kilichoharibika. Kazi yote ilikuwa kwenye wepesi wa kiganja, maana ukikandamiza sana unaubana mshipa mkubwa ulio nyuma, na presha inapanda kwa uongo.

Wenzake walioiga njia hiyo, ili wasikosee, waliweka chini ya kiganja mkanda wa kupimia presha uliojazwa upepo kidogo, wakawa wanasoma kwenye kipimo chake cha mshale. Mshale ukisimama kwenye thelathini, inatosha. Birika aliwacheka. "Mimi kipimo changu nimetoka nacho tumboni mwa mama," alisema akiwaonyesha kiganja. Na kusema haki, kwa miaka ishirini na mitatu hakuwa na mpinzani. Watoto wangapi walirudi nyumbani kwa sababu ya ubahili wake, hata yeye hakujua.

Kisukari alikuwa nacho siku nyingi. Ganzi ilianzia kwenye nyayo, akanunua viatu vipana. Ilipoingia vidoleni, akajitia hamnazo. Mkewe ndiye aliyemgundua. Asubuhi moja alimkuta jikoni ameshika sufuria ya chai kwa mkono mtupu.

"Baba, huungui?"

"Ningeungua si ningepiga kelele?"

"Vidole vinatoka malengelenge na wewe unaleta mzaha! Mwambie daktari."

"Nikimwambia, kesho niko hapa nakufundisha kukata vitunguu. Utaniweza?"

Mkewe alicheka kinyonge, akaenda kutafuta dawa ya kupaka. Tangu siku hiyo alimfunga vifungo vya shati bila kuombwa, na jambo lenyewe hawakuligusa tena. Walikuwa wanaogopa, wote wawili.

Jumatatu moja aliletwa binti wa miaka minne mwenye tundu moyoni. Mama yake alimkabidhi mlangoni, akaushika mkono wa Birika kwa mikono yake yote miwili. "Kaka, nakuachia mwanangu," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tundu likazibwa, kifua kikashonwa, kisha presha ikaanza kuteremka. Birika akaingiza mkono, akahesabu mpaka kumi. Presha ikapanda. Akampa maji. Dakika chache baadaye ikashuka tena. Akabonyeza, ikapanda, akampa. Mara ya tatu vilevile.

"Leo Birika ana ukarimu!" daktari mpasuaji alitania, na chumba kizima kikacheka.

Mara ya nne, povu la rangi ya waridi lilipanda kwenye bomba la kupumulia. Walifungua kifua tena, wakaukuta moyo umevimba. Binti aliishi siku mbili kwa mashine. Jumatano asubuhi akafariki.

Kwenye kikao walisema moyo wake ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, na ndivyo alivyoambiwa mama. Hakuna aliyemtazama Birika kwa jicho baya. Mpasuaji alimpigapiga begani akamwambia, "Ulijitahidi," na neno hilo likamchoma kuliko tusi.

Alhamisi, wenzake walipokwenda kula, alijifungia kwenye stoo ya vifaa. Akaweka mkanda wa presha mezani, akaujaza upepo kidogo, akalaza kiganja juu yake. Alibonyeza kama alivyozoea siku zote, macho amefumba. Alipofumbua, mshale ulikuwa kwenye sabini. Akalegeza, akajaribu tena. Sitini na tano. Akajaribu mkono wa kushoto, nao vilevile. Birika aliketi juu ya kasha la glavu, akalia kimyakimya, bega lake limeegemea mlango mtu asije akaingia.

Alipomaliza kulia, akaanza kujitetea. Kesho angetumia mkanda kama wengine, watoto wangekuwa salama, na ya Jumatatu yangebaki humo stoo. Nani angejua?

Ijumaa kitandani alikuwepo mtoto wa mwaka mmoja. Walipomaliza kushona, presha ilishuka. Birika akauchukua mkanda.

"Makubwa! Birika na mkanda?" mpasuaji alisema. Alikuwa ameshavua glavu, anaandika ripoti pembeni.

Birika akauweka chini ya kiganja. Alibonyeza, mshale ukaruka mpaka sabini. Akalegeza, ukaanguka mpaka kumi. Hakuwa na namna ya kujua mkono ulikuwa umegusa nini. Mtoto alikuwa anasubiri. Birika akautoa mkono.

"Dada," alimwambia mwenzake wa usingizi aliyesimama karibu na mashine, "njoo ubonyeze wewe."

Yule dada akaja. Mshale ukatulia kwenye thelathini. Alihesabu mpaka kumi, na presha haikupanda hata kidogo. Basi hawakumpa maji. Walimwongezea dawa ya kuupa moyo nguvu, na baada ya muda namba kwenye skrini zikaanza kupanda polepole.

"Kaka, mkono una nini?" dada aliuliza kwa sauti ya chini.

"Umekufa ganzi. Sihisi kitu."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu jana. Angeweza kusema leo, na wote wangemwonea huruma, wangemtafutia kiti.

"Tangu kabla ya Jumatatu," alisema.

Mpasuaji akaacha kuandika. "Jumatatu ya yule binti?"

"Hiyohiyo. Moyo wake haukuwa dhaifu, daktari. Ulikuwa unakataa maji, na mimi nikaendelea kuunywesha."