Siku Baba Mkwe Alipookolewa kwa Nguvu

Sijui kama yuko mwanamke mwingine wa Kigusii ambaye amewahi kusababisha baba mkwe wake alazwe chali mchangani akandamizwe kifua na wanaume wanne huku ngamia akitazama, lakini kama yuko tafadhali anitafute tuunde chama, na uenyekiti ni wangu, maana kwa aibu niliyoipata siku ile sioni wa kunishinda kura.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Mombasa, mimi na mume wangu Ombati, yeye akifanya kazi kwenye ghala la majani chai na mimi nikiwa karani katika ofisi ya mizigo, na tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu tuoane. Basi wazazi wake wakasema wanakuja kututembelea kutoka nyumbani, huko upande wa Itumbe, na ilikuwa mara yao ya kwanza kuona pwani. Nikajua hapa ndipo napimwa. Mnajua mke mpya anavyopimwa na wakwe, chai ikiwa nyepesi itasemwa, ikiwa nzito itasemwa, na ikiwa sawasawa wataulizana nani alikuja kumsaidia kupika.

Sasa kwa wale ambao si wa kwetu niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa kilio changu. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya, ni heshima, ni ukuta. Mwanamke na baba mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi kochi moja, na habari ya mmoja kumwona mwenzake akiwa hajavaa sawasawa hiyo hatuizungumzi kabisa, tunakohoa tu na kuuliza kama mvua imenyesha. Na baba mkwe wangu, Mzee Nyangau, si mtu wa chinsoni nusunusu. Ni mzee wa kanisa, Msabato tangu tumboni, na nikiingia sebuleni yeye hugeuka akaanza kusoma kalenda ya ukutani mpaka nitoke. (Na jingine dogo: kwa Ekegusii mama tunamwita "baba", na baba tunamwita "tata". Ndiyo, najua. Msinitazame hivyo, sikuitunga mimi hiyo lugha.)

Jumamosi tulishinda kanisani. Jumapili nikasema nitawatembeza ufuoni Bamburi asubuhi, kisha tuelekee Kisauni kwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwetu waishio Mombasa, ambako tuliandaliwa chakula cha kuwakaribisha wazee, na Ombati angetukuta huko akitoka zamu. Mzee mwenyewe alikuwa ameombwa azungumze kidogo na wanandoa vijana kuhusu kutopoteza mila tukiwa ugenini, na kwa sababu hiyo alivaa suti yake ya kijivu, tai nyekundu na viatu vilivyong'aa hata ungeweza kujipaka wanja ukivitazama.

Tulipofika, maji yalikuwa yametoka, yako mbali kule, na mchanga umetandazwa kama uwanja wa mpira. Mzee akasimama akaishangaa bahari. Akaenda mpaka ukingoni, akachovya kidole, akaonja, akatema, na akacheka! Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Nilijisifu moyoni nikasema Moraa, leo umepita mtihani.

Kisha akamwambia mama mkwe, huku mimi nikiwa nimesimama palepale, "Mwambie Moraa magoti yangu yananiuma, na nimesikia maji ya chumvi ni dawa."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema magoti yanamuuma."

"Nimesikia, baba," nikamjibu.

Kumbe mzee alikuwa amejipanga tangu Itumbe. Ndani ya suruali ya suti alikuwa amevaa kaptura. Alichokuwa akingoja ni mimi nigeuke tu. Hapo juu, karibu na barabara, palikuwa na vyumba vya kubadilishia nguo na mlinzi wa kutunza mizigo, lakini palikuwa na foleni na jua lilikuwa kali, nami (ambaye nilikuwa nimefika ufuo ule mara chache tu, zote jioni, zote kula viazi karai) nikapaza sauti ya mwenyeji nikasema hakuna haja ya kwenda huko, wekeni mfuko hapa chini ya mwamba, maji hayafiki hapa.

Mama mkwe akainama akagusa chini. "Mbona mchanga huu una maji?"

"Ni umande," nikasema.

Umande! Mombasa, jua liko utosini, umande. Lakini nililitamka kwa uhakika hata yeye akaona aibu kuendelea kuuliza.

Basi wakakodi boya, lile la mpira wa tairi la trekta, mzee akavua suruali na koti na viatu vikaingia mfukoni pamoja na simu yake, akabaki na kaptura, shati na tai. Tai hakuivua, alisema haendi kuoga. Haya yote niliyasikia tu, sikuyaona, kwa kuwa mimi nilishaondoka zamani. Chinsoni haziruhusu. Nilikwenda kuketi chini ya mvinje nikaipa bahari mgongo, uso wangu ukawa unatazama ukuta wa hoteli, na kila nikitaka kugeuka kuona mambo yanaendaje nakumbuka kwamba ndani ya hayo maji kuna baba mkwe mwenye mapaja wazi. Nikatulia na simu yangu. Nikawa nawatumia marafiki picha nilizopiga asubuhi na kuandika, "Nawaonyesha wazee raha." Mama mkwe naye alikuwa amekunja gauni akatembea na ufuo kuokota makombe, akafika mbali.

Sijui nilikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilihisi ubaridi kwenye nyayo, nikatazama chini, nikaona maji. Nikajiambia nani kamwaga maji hapa. Kisha yakaondoka. Kisha yakarudi na kandambili yangu moja ikaenda nayo.

Nikageuka kwa jicho moja tu, tena kupitia katikati ya vidole. Ule uwanja wa mpira haukuwepo. Mwamba ulikuwa umezama hadi kiunoni, na mfuko wetu unaelea, zipu wazi, na mbele yake suruali ya suti ya kijivu inaondoka polepole kuelekea Bara Hindi, miguu imetanuka, kama mtu mzima anayeogelea bila haraka.

Hapo chinsoni zilinitoka kichwani zote. Nikaingia majini na dera langu, dera likajaa hewa nikawa kama hema, nikapiga mbizi, nikaukamata mfuko, ndani nikapapasa nikapata kiatu kimoja na soksi. Nikainua kichwa nitazame suruali iko wapi, na badala ya suruali nikamwona Mzee Nyangau ndani ya boya, hatua chache tu kutoka nilipo, kwa kuwa maji yaliyoleta maafa yangu yalikuwa yamemleta na yeye. Macho yakagongana.

Mimi nikafumba yangu. Yeye akafanya ambalo mzee yeyote mwenye heshima zake angefanya: akatoka kwenye boya, akachuchumaa, maji yakamfika kidevuni na tai ikawa inaelea mbele yake kama ulimi. Boya likaenda zake. Mzee kuogelea hajui. Wimbi likaja likampita juu ya kichwa, akaibuka anakohoa, na kwa kuwa mimi bado nilikuwa hapo (dera lilikuwa zito, jamani, sikuweza hata kupiga hatua) akachuchumaa tena! Nikaona huyu atakufa kwa heshima. Mimi siwezi kumshika. Wa kumshika ni mkewe. Kwa hivyo nikapiga mayowe nikimwita mama mkwe kwa nguvu zangu zote, "Baba! Baba! Baba oo!"

Sasa fikiria wewe ni Mswahili, umeketi zako ufuoni unakula embe la pilipili, unasikia msichana majini analia baba, baba, na kando yake kuna mzee anazama na kuibuka. Utafanya nini?

Walikuja wanne wakikimbia. Mzee kuwaona, akaanza kuwasukuma. "Niacheni! Niacheni! Kuna mtoto wangu hapo!" Alitaka kusema mke wa mwanawe yuko hapo na kwa hivyo yeye hawezi kusimama, lakini Kiswahili cha mzee ni cha kuuzia ndizi Keroka, hakina maneno ya shida kama ile, na alichokisikia ufuo mzima ni kwamba kuna mtoto amezama.

Mama yangu! Watu wakaingia majini na nguo zao. Vijana wakapiga mbizi, wanawake wakashika vichwa, mwenye ngamia akamwacha ngamia wake akaja kusaidia, na kijana mmoja akanishika bega akaniuliza, "Dada, mtoto ana umri gani?"

Nikamwambia, "Ishirini na saba."

"Eti?"

"Mtoto ni mimi."

Alinitazama kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najificha uso kwa mwiko.

Kule mchangani mzee alikuwa ameshalazwa, tai imelegezwa, mmoja anamkandamiza kifua, mwingine amemshika miguu iliyo uchi kabisa mbele ya jamii nzima, na kila akijaribu kuketi wanamrudisha chini. "Tulia mzee wangu, umekunywa maji, twayatoa." Nikakimbia niwazuie, nikakumbuka siruhusiwi kutazama, nikajifunika macho kwa mikono miwili huku nimo mbioni, na hivyo ndivyo nilivyojigonga kwenye ngamia. Ngamia hakusema kitu. Aliguna tu, kama mtu aliyechoka na wageni.

Mwishowe mama mkwe akafika, makombe yamejaa kwenye pindo la gauni. Akayamwaga yote akaanza kuwachapa wale vijana kwa kandambili. "Wachaneni na yeye! Hajakufa! Ako na haya!"

"Haya, mama, haya," wakamjibu kwa adabu, na wakaendelea kukandamiza.

"Nasema ako na haya!"

"Haya!"

Ilibidi nipige magoti mchangani, mgongo wangu kwao, niwaeleze nikiutazama ule ukuta wa hoteli kwamba huyu ni baba mkwe wangu, kwamba kwetu hatuonani hivi, kwamba hakuna mtoto, hakuna maiti, kuna suruali tu, na suruali yenyewe imeshakwenda. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, na nyinyi mnajua kicheko cha watu wengi kinavyoanzaga.

Mchuuzi wa leso alikuwa karibu. Nikalipa bila kuchagua, mama mkwe akamfunga mumewe kiunoni. Ni mpaka tuko barabarani ndipo niliposoma maandishi, yakiwa yamemkaa mzee sawasawa nyuma: *Ukiona vyaelea vimeundwa.*

Nikasema turudi nyumbani. Mzee akakataa, na kwa mara ya kwanza akazungumza nami moja kwa moja, bila kunitazama. "Watu wametupikia." Na kwa kuwa hatungeweza kubanana sote kwenye kiti cha tuktuk, na njia ya kwenda Kisauni niliijua mimi peke yangu, nilipanda pikipiki nikatangulia, dera linachuruzika maji, na tuktuk ikanifuata nyuma kama msafara wa gavana.

Ombati alikuwa langoni na wageni wote wamejipanga, wamama wameanza kuimba. Wimbo ukakatika. Mzee akashuka, shati limekauka chumvi, tai imerudishwa mahali pake, leso, kiatu kimoja mkononi. Ombati akamtazama babake, akanitazama mimi. Mzee akapita katikati yao, akaketi kiti cha mbele, akasema tuombe. Akashukuru kwa safari, kwa chakula, kwa wenyeji, na akamwomba Mungu awabariki wale vijana wa ufuoni "ambao hawakujua walitendalo lakini walilitenda kwa bidii." Hapo nilisikia pua ya mama mkwe ikilia, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akaegemea bega langu, na amina haikusikika kwa vicheko. Kuhusu mila, mzee alisimama akasema, "Mila ni nzuri, lakini muwe mnaangaliana," akaketi. Ndiyo hotuba nzima.

Sitawadanganya kwamba yaliisha hapo. Kabla hawajafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika, maana mmoja wa wale wageni ana dada Nyamarambe na dada ana simu. Sasa tumehamia Keroka, nina duka langu la vyombo, na siku ya soko hakosi mteja wa kuchukua beseni, kuligeuzageuza, na kuniuliza kwa sura ya upole kama linaelea. Mzee bado anasoma kalenda nikiingia. Lakini juzi nilipompelekea uji aliniambia, uso ukiwa ukutani, "Moraa, wewe ulikuwa unajua maji yanarudi?"

Nikasema, "Hapana, tata, sikujua."

Akageuza ukurasa wa kalenda. "Mimi nilijua. Niliyaona yanakuja. Ila nilikuwa nafurahi, nikaona aibu kusema."

Nilitoka nje nikasimama kando ya migomba nikacheka mpaka machozi. Kwa hivyo nimeapa, wageni nitawatembeza bado, siachi, lakini mtu wangu akiwa majini, awe mkwe, awe askofu, simpi mgongo tena. Nitamheshimu kwa jicho moja, na lile lingine litakuwa kwenye maji.